Kebo Iliyopeleka Kwaya Chumbani kwa Mwalimu

Karibuni, lakini msikae juu ya kebo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia vijana wanaofika hapa kwangu Maisaka kuniuliza habari za kazi, na wengi hucheka wakidhani bibi anatania. Sitanii. Kebo ya mtandao ukiikalia, au ukiikandamiza kwa mguu wa kitanda, kwa nje itaonekana nzima huku ndani nyaya zimeshabanana na kupoteza msokoto wake. Halafu utakuja kuniambia ruta ni mbovu.

Nimestaafu. Pasipo jua la mchana macho yangu hayatofautishi tena rangi ya chungwa na ya kahawia, na asubuhi za baridi vidole vinagoma. Lakini kazi ya kufunga nyaya za kompyuta nimeifanya hapa Babati tangu mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, na kuna kebo moja nataka kuwaeleza, kwa sababu karibu kila nilichojifunza katika kazi hii kilihitajika humo. Haikuwa ya ofisi. Ilitoka kwenye banda la uani mwangu hadi chumba anacholala mume wangu, ili apate kusikiliza kwaya yake.

Mume wangu, Baba Neema, mji mzima unamwita Mwalimu. Siku za wiki alifundisha shule ya msingi, na Jumamosi alifundisha kwaya ya kanisa kule Nangara. Ni mtu wa Mbulu, mrefu, mkali katika nyimbo na mpole katika mengine yote. Mimi natoka Singida na sauti yangu inafaa kuitia mbuzi, kwa hiyo sikuwahi kuimba kwake. Yeye akienda mazoezini, mimi nilikuwa napanda ngazi kuingia kwenye dari za watu. Jioni nikimpitia kanisani, mara nyingi nilimkuta anagombana na waimbaji kwa kosa lile lile la kuingia mapema.

"Nani kawaambia muimbe?" aliwauliza. "Kuimba mnajua. Kunyamaza pamoja ndiko kunakowashinda!"

Nilikuwa nasimama mlangoni na vumbi la dari kichwani, nikisubiri ugomvi uishe twende nyumbani. Sikusikiliza sana. Nilidhani kwaya ile ingekuwepo siku zote.

Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakakatika, ukabaki mkono wa kushoto na yale macho yake. Alipotoka hospitali alilala akitazama ukuta. Nilikuwa namletea uji, anafunga mdomo. Nambembeleza, anafunga mdomo. Nasema wazi, niliogopa. Niliogopa kumpoteza mtu kwa njaa katika nyumba yenye magunia ya mahindi.

Aliyetuvusha ni Neema, binti yetu anayefanya kazi Dodoma. Alikusanya kanda zote za kwaya ya baba yake, akaenda kuzihamishia kwenye kompyuta kuukuu niliyokuwa nayo bandani, akanunua na spika ndogo inayopokea nyimbo kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao wa humu ndani. Siku ya kwanza soprano zilipoanza, Mwalimu aligeuza uso kutoka ukutani. Neema akanyakua kikombe cha uji, akampa kijiko, akala. Tangu hapo tukajua kwamba kwaya ikiimba, anakula.

Shida ni kwamba kwaya ilikuwa inakatika. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene za zamani, na mtandao usio na waya ulikuwa unafika chumbani kwake ukiwa hoi. Katikati ya wimbo sauti inapotea, inarudi, inapotea. Ikipotea tu Mwalimu alikuwa anainua mkono wa kushoto, kiganja mbele, kama trafiki anayesimamisha gari. Kisha anageukia ukutani, na uji wa mlo huo umeishia hapo.

Najua mnachotaka kuuliza, maana kila mtu aliuliza. Kwa nini kompyuta isiwekwe chumbani? Tuliiweka. Feni yake ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga, na tangu augue Mwalimu hakuweza kuvumilia mngurumo wowote usiokoma. Aliziba sikio moja kwa mkono mmoja alionao, na machozi yakamtoka. Nikairudisha bandani siku ile ile. Kwa hiyo ilibaki njia moja, kuvuta kebo kutoka bandani hadi kitandani, nami nikafurahi moyoni, kwa sababu hatimaye tatizo lilikuwa limeingia kwenye eneo langu.

Mkwe wangu, Gadi, mume wa Neema, alinitangulia. Alikuja na boksi limefungwa vizuri kuliko zawadi ya harusi. Ndani mlikuwa na kebo nene iliyovishwa uzi wa kusukwa, vichwa vya rangi ya dhahabu.

"Shikamoo mama. Hii ni ya watu wa muziki wenyewe. Wanasema inafanya sauti iwe tamu."

"Marahaba baba. Ahsante sana. Inafika wapi?"

Tuliinyoosha. Ilianzia kitandani ikaishia dirishani. Gadi alitazama uani, akatazama kebo, akacheka mwenyewe, nami nikacheka naye kwa sababu ni kijana mwenye moyo mzuri. Kebo ile ipo, imeunganisha spika na swichi ndogo ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia kebo kilichoko ukutani, na inafanya kazi yake. Lakini sikilizeni niwaambie ninyi mtakaouziwa boksi kama lile. Kebo ya mtandao haiongezi utamu wala haipunguzi. Inabeba hesabu, na hesabu ama zinafika ama hazifiki. Utamu umo kwenye koo za watu walioimba na kwenye spika uliyonunua. Kebo unaiomba jambo moja tu, isipoteze mzigo njiani, na hilo fundi makini analipata kwa masalio ya kazi za ofisini.

Mimi nilikuwa na masalio mengi. Ninyi msionayo, ombeni kwa mafundi wenzenu vipande vya mwisho wa roli la kebo, mara nyingi wanavitupa. Kabla ya kushukuru, chukua wembe, kwangua waya mmoja. Ukiona wekundu wa shaba hadi ndani, shukuru. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha kwa heshima. Aluminiamu ukiikunja mara chache inakatika, na kwenye safari ndefu inachoka mapema.

Njia ya kebo nayo ina adabu zake. Usiilaze sambamba na waya wa umeme. Ikibidi kukutana, zipishane kama njia panda kisha kila mmoja aende zake. Kona isiwe kali kuliko mzingo wa kikombe cha chai. Inapopita nje, ivishe bomba la maji, maana mafundi bomba wana vipande vingi visivyo na kazi, na jua letu pamoja na upepo huu wa kutoka mlima Kwaraa vinakausha ganda la kebo hadi linapasuka. Halafu panya. Hapa kwetu watu wanaanika na kuhifadhi mahindi darini, hasa kule Mutuka, kisha wanashangaa panya akishiba mahindi anasafisha meno kwa kebo. Nimewahi kuitwa na ofisi moja iliyokuwa kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa ameacha mavuno yake juu ya dari, na chini watumishi wanalalamikia mtandao. Nilishusha magunia kabla ya kugusa kebo, nikiwa na sketi na ngazi inayotikisika, huku mwenye nyumba akinitazama kutoka chini kana kwamba mimi ni mwizi.

Basi mimi mwenyewe nikavuta kebo ya Mwalimu, taratibu, siku mbili tatu za jua. Ilipofika kazi ya kufunga vichwa nikamwita Isaya, fundi kijana mwenye kibanda karibu na stendi, kwa sababu rangi zilikuwa zinanichezea. Alifika na plaizi yake ya kubania vichwa, akakata, akapanga, akabana ncha zote mbili. Ganda la kebo aliliingiza ndani ya kichwa likashikwa vizuri, jambo ambalo wengi wenu mnalisahau, kisha mnashangaa kichwa kinachomoka. Akachomeka testa, kile kipimo chenye taa moja kwa kila waya. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, zote.

"Mama, iko poa kabisa. Haijaruka hata moja."

Tukawasha kwaya. Nikachukua uji. Mwalimu akageuka, akala kijiko, akala kingine, nami nikaanza kumshukuru Mungu. Sauti ikakatika. Mkono ukapanda. Akaurudia ukuta wake.

Wiki ile tulishuku kila kitu. Isaya alishuku spika. Akashuku swichi, tukabadilisha swichi. Akashuku panya, tukafungua mabomba, hakuna panya. Kila mara tulirudi kwenye testa, na kila mara taa ziliwaka zote, na kila mara kwaya ilikatika katikati. Nilianza kuichukia ile testa kama mtu anavyomchukia shahidi anayesema kweli isiyosaidia. Na usoni Mwalimu alikuwa anapungua. Mifupa ya mashavu ilikuwa imeanza kuonekana.

Sasa niwarudishe nyuma, kwa sababu dawa ilitoka huko.

Mkoa ulipoanzishwa, Babati iligeuka makao makuu kabla haijapata majengo ya kuitwa hivyo. Ofisi zilipangishwa kwenye nyumba za watu, meza sebuleni, mafaili jikoni. Kompyuta zikaja, na kebo zikatakiwa upesi. Mafundi wa kwanza walikuwa mafundi umeme na mafundi redio, watu hodari, ambao hawakuwa wamefundishwa kazi hii. Walifungua kebo wakakuta nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili: wa chungwa na mwenzake mweupe mwenye mstari wa chungwa, wa kijani na mwenzake, wa bluu na mwenzake, wa kahawia na mwenzake. Wakaamua kwa akili za nyumbani kwamba ndugu wakae pamoja. Wakazipanga hivyo, wawili wawili, ncha zote mbili sawasawa. Ikafanya kazi! Nyumba zilikuwa ndogo na kebo fupi. Mtindo ule ukaenea mji mzima, na mimi niliuona, na uliniingia akilini kwa sababu ulipendeza macho.

Aliyeuvunja ni Mzee Akonaay, aliyenifundisha kazi. Alikuwa amefanya kazi Arusha miaka mingi, akarudi kukaa karibu na shamba lake. Siku moja tulikuta ofisi ambayo kompyuta za mbele zilifanya kazi vizuri, lakini ya chumba cha mwisho ilikuwa inasuasua. Nilitoa testa, taa zote zikawaka, nikamwambia kebo ni nzima. Alinitazama kwa huruma, bila kejeli.

"Mama Neema, testa inauliza swali moja tu. Inauliza, upo? Kila waya unajibu, nipo. Haiulizi, uko na nani."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafungua kichwa.

"Hizi zimesokotwa wawili wawili kwa sababu zinabeba mzigo mmoja pamoja, mmoja huku na mmoja huku. Mashine inamtafuta mmoja nafasi ya tatu na mwenzake nafasi ya sita. Ukiwapanga kwa undugu wa macho, ile ya tatu na ile ya sita zinakuwa watu wasiojuana. Mzigo unabebwa na wageni wawili. Karibu watafika. Mbali watauangusha."

"Sasa kijani atakaa wapi?"

"Kijani ni baba na mama. Bluu ni watoto. Watoto wanalala katikati."

Sikuihitaji tena karatasi ya mpangilio wa rangi maishani mwangu. Chungwa wawili mwanzoni, mweupe akitangulia. Kisha mweupe wa kijani, watoto wawili wa bluu, ndipo kijani mwenyewe. Kahawia mwishoni wanalinda mlango. Mzee Akonaay amekwisha kufariki, na hadi leo nikipanga nyaya namsikia akicheka na familia yake ile ya kitanda kimoja.

Turudi kwa Isaya. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Alikuja kuniambia tukubali, tununue spika nyingine. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, na ningekubali. Lakini nilimwona ameshika ncha ya kebo mkononi na jua likiwaka uani, nikamwambia atoke nayo nje.

"Nisomee rangi, kutoka kushoto. Kwa sauti."

"Nyeupe ya chungwa. Chungwa. Nyeupe ya kijani. Kijani..."

"Rudi hapo."

"Nyeupe ya kijani, kijani. Halafu nyeupe ya bluu, bluu."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, nikacheka.

"Isaya, mwanangu, nani alikufundisha kupanga hivi?"

"Bro mmoja wa Nangara, mama. Naye alifundishwa na mzee aliyefunga ofisi za mkoa mwanzoni kabisa. Si ndiyo yenyewe? Mbona zote zinawaka?"

Kosa lile lilikuwa limezaa wajukuu. Lilitoka kwenye zile nyumba za kupanga, likapita mkono hadi mkono kwa nia njema tupu, mpaka likafika kitandani kwa mume wangu. Kebo zote alizofunga Isaya zilikuwa fupi, za dukani na za vibanda vya michezo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumrudishia moja. Hii yetu ilivuka uani. Nikampa habari ya baba na mama na watoto, akaielewa palepale, akashika kichwa kwa mikono miwili akisema, "Aisee, aisee." Kisha akauliza kama anaweza kurudi kukagua kebo za wateja wake. Nilimpenda sana kwa swali hilo.

Tukafunga upya. Nilimwambia asifungue msokoto zaidi ya anavyolazimika, uendelee hadi mlangoni mwa kichwa. Alikata ncha zikawa sawa, akasukuma hadi nikaona shaba inang'aa mbele, akabana. Kijani pembeni, bluu katikati. Testa ikawasha taa zake zilezile, kwa furaha ileile isiyojua kitu.

Isaya akabaki bandani kwenye kompyuta na mimi nikaingia chumbani na kikombe. Tulichagua wimbo wa mavuno ambao Mwalimu aliutunga mwenyewe, mrefu, ambao tangu augue haukuwahi kufika nusu. Nikaketi pembeni ya kitanda. Bezi zikaanza, soprano zikapokea. Mwalimu akageuka. Kijiko cha kwanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Mahali pale pa kawaida pa kukatika pakafika, sauti ikapita juu yake kama hapakuwa na kitu. Ubeti wa pili. Sauti zote zikapanda pamoja, zikajaza chumba, nikainua kijiko kingine.

Kimya.

Mkono wa kushoto ukapanda, kiganja mbele.

Niliweka kikombe chini nikasimama. Nilifikiri, basi, nimeshindwa, kazi yangu yote hii nimeshindwa kwenye kebo moja ya nyumbani kwangu. Isaya alikuwa ameshafika mlangoni akihema.

"Mama, imekata tena?"

Nikatazama swichi ukutani. Taa yake ilikuwa inapepesa kama kawaida. Nikamtazama Mwalimu. Hakuwa amegeukia ukuta. Macho yake yalikuwa wazi, makali, yakitazama mbele kwenye watu ambao mimi siwaoni, na ule mkono ulikuwa juu umetulia, hautetemeki. Hapo ndipo nilipokumbuka mlango wa kanisa, na vumbi kichwani, na ule ugomvi wa kila Jumamosi juu ya kunyamaza pamoja.

"Haijakata," nikamwambia Isaya. "Anawasubirisha."

Mkono ukashuka, na kwaya nzima ikaingia nao.

Nilikaa chini. Mwalimu aliwaongoza hadi mwisho wa wimbo, kisha akanigeukia na kufungua mdomo, akisubiri uji.